Pako Wapi Hapo pa Mzima?

Wenzangu tuliojifunza kuandika kwenye vibao miaka ile ya hamsini, mnakumbuka barua zilivyokuwa na adabu? Salamu kwanza, habari baadaye. Kaka yangu Daudi, askari wa keya, jeshi la Mwingereza, aliyepelekwa vitani Malaya, hakukosea hata mara moja: "Wapendwa baba na mama, salamu nyingi. Mimi ni mzima, wasiwasi ni kwenu tu."

Baba na mama hawakujua kusoma, kwa hiyo msomaji wa nyumba nilikuwa mimi, binti wa darasa la tatu. Barua zilifikia dukani kwa Mhindi, pale Igowole. Nilikimbia nazo kwenye ukungu, miguu peku, vidole vimekufa ganzi. Nikifika napewa kwanza kiazi cha moto kilichochomwa jivuni. Jamani, nilivyojidai! Baba alikuwa akivua kofia kabla sijaanza. Nikimaliza, mama anauliza, "Pako wapi hapo pa mzima?" Namwonyesha, anapagusa kwa kidole, kisha anarudi kwenye chungu chake.

Mwaka mmoja, masika yalipoanza, barua zikakoma. Miezi minne mizima! Kijiji cha pili walikuwa wameshakaa matanga ya askari wao bila maiti, na baba alijua. Akawa anamega tonge, analirudisha sahanini. Kila jioni ananiuliza kama nimepita dukani, utadhani ningeweza kusahau.

Hatimaye ikaja, kwa mwandiko wa mtu mwingine. "Niko hospitali. Nimeumia mkono wa kulia, vibaya. Niombeeni." Basi. Salamu hakuna, mzima hakuna. Nikamtazama baba, kofia ameishika magotini. Mungu anisamehe, nikasoma: "Wapendwa baba na mama, salamu nyingi. Mimi ni mzima, wasiwasi ni kwenu tu. Mwenzangu ananiandikia, mimi nina kazi nyingi."

Baba akacheka, akaomba ugali. Mama akauliza, "Pako wapi?" Nikaweka kidole popote. Akapagusa, akaenda kumpakulia baba.

Tangu hapo sikuwa na raha. Nikiona mtu anapanda kilima kuja kwetu, najificha. Kwenye rede nikawa natolewa wa kwanza, mimi niliyekuwa nakwepa mpira kama swala. Shuleni nikachapwa kwa kuandika ovyo. Niliogopa Daudi atakufa, na mimi ndiye niliyesema ni mzima.

Alirudi wakati wa mavuno, mkono mmoja wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Baba alilia kwa sauti. Mama alimshika uso, akamtazama, kisha akaenda kupika. Nikamfuata jikoni, nikaungama.

"Kusoma sijui, mwanangu," akasema, "lakini neno lile sura yake naijua. Halikuwamo."

"Sasa mbona ulinyamaza, mama?"

"Baba yako alikuwa anakula."

Siku hizi wajukuu zangu walioko Mbeya mjini wananiandikia kwenye simu: "Bibi, mzm." Hata irabu wanazionea uchoyo, watoto hawa! Nawasimanga kweli kweli. Lakini ujumbe ukichelewa, ugali wangu unapoa sahanini. Ukifika, navaa miwani, naweka kidole palepale kwenye kioo, ndipo nakula.