Candida aliufunika ufa kwa kalenda ya kanisa

Saa mbili asubuhi Candida Massawe anasimama juu ya ngazi za kushukia stoo. Anafanya ishara ya msalaba, kisha anashuka taratibu, kiganja kikiwa ukutani. Akifika chini anawasha taa na kusikiliza kwanza.

"Nasikiliza kama kuna kinachodondoka," anasema. "Mchanga ukidondoka unausikia, maana huku chini ni kimya."

Candida (46), mzaliwa wa Kibosho mkoani Kilimanjaro, ni mtunza stoo wa duka la jumla la vyombo Kariakoo, katika jengo la ghorofa sita. Stoo iko chini ya ardhi. Kwa miaka kumi na moja amepokea humo mabeseni, sufuria na chupa za chai, na kwa mshahara wa shilingi laki tatu kwa mwezi amesomesha watoto wawili.

Wachaga hutaniwa kwamba kila Desemba wanakwenda kwao kuhesabiwa, na Candida hakuwahi kukosa, tena akiwa na mabegi yaliyojaa mpaka zipu zinakataa. Kwenye jumuiya yake ya kanisa, Ilala, kila alipopewa nafasi ya kutoa ushuhuda, aliwaambia wenzake kwamba uzima tele aliouahidi Yesu ndio huo: kazi ipo, ada imelipwa, nyumbani wanakula Krismasi.

"Nilidhani nimeshaupata," anasema. "Kazi iliyobaki ilikuwa kuulinda."

Mwezi wa saba, ghorofa ya kwanza walibomoa kuta ili wapate fremu zaidi za maduka. Wiki hiyohiyo nguzo ya katikati ya stoo ikapasuka. Ufa ulianza mwembamba kama uzi. Sasa ncha ya kidole inaingia.

Candida alifanya jambo ambalo mpaka leo linamtia aibu. Alichukua kalenda ya parokia yenye picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, akaitundika juu ya ufa.

"Nimekua nikiambiwa kwamba hofu ni ya Shetani. Nikasema Yesu ataishika hii nguzo. Lakini ukweli ni kwamba sikutaka kuuona ule ufa. Nikiuona itabidi niseme, na nikisema kazi sina."

Mwezi uliopita aliletewa msaidizi, Anifa Mkumba, mama wa watoto wanne kutoka Lindi. Siku moja Anifa alifunua kalenda kutafuta tarehe ya harusi ya mdogo wake. Vidole vyake vikakuta ufa.

"Dada Candida, hili ulikuwa unalijua?" aliuliza.

Kisha Anifa akakaa juu ya boksi la sufuria.

"Sikumgombeza," anasema Anifa. "Nilimwambia tu, ungeniambia na mimi niogope. Nina watoto wanne, halafu unaniacha nacheka humu kama mjinga."

Candida anasema maneno hayo yalimchoma kuliko mahubiri yoyote aliyowahi kusikia. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani, lakini hakwenda kupokea komunyo.

"Nilijiuliza, uzima gani huu ninaoushukuru kila wiki, wakati mwenzangu nimemweka chini ya kifo bila yeye kujua? Yesu hakuahidi tele kwa Candida peke yake. Mimi nilikuwa nao nusu, tena hiyo nusu ya kuiba."

Alimwendea bosi wake, Robert, ambaye ni mtu wa kwao. Jibu lilikuwa la upole: fundi ataitwa sikukuu zikipita, kwa sasa stoo lazima ijae mzigo wa Krismasi. Duka likifungwa Novemba hii, wote watalala njaa. Candida anakiri kwamba hata hilo ni kweli.

Tukiwa bado tunazungumza, mtu anaburuta kitu kizito ghorofani. Sote watatu, Anifa akiwemo, tunainua macho. Vumbi jepesi linashuka juu ya mabeseni. Mwandishi naye, aliyekuja kutafuta habari tu, anajikuta akitazama ngazi.

Candida anachukua pochi yake. "Anifa, tunatoka," anasema.

Mpango wake ni kwenda leo hii ofisi ya serikali ya mtaa kutoa taarifa. Anajua kesho hatakuwa na kazi. Desemba, akipata nauli, atakwenda Kibosho mikono mitupu.

"Mama atashangaa, lakini atanipokea. Ninachoomba ni nimwambie kwamba Anifa ni mzima, yuko na wanawe. Hayo mengine Mungu anajua."

Tunapofika juu dukani, mbeba mizigo mwenye robota begani anaelekea kwenye ngazi.

"Candida, mpishe ashushe mzigo," Robert anasema kutoka kaunta.

Candida anageuka, anaziba mlango wa ngazi kwa mwili wake. Sauti yake inatetemeka, ila duka zima linaisikia.

"Usishuke, kaka. Huku chini nguzo imepasuka."

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua sufuria anairudisha kwenye rafu, anamshika mwanawe mkono na kutoka nje. Wengine wanamfuata.