Nalima Tu

Nilichomoa waya wa projekta ukutani. Sikupanga. Mwenyekiti wa kikundi chetu alikuwa amesimama mbele ya darasa, hapa chuoni Tabora, anaonyesha kwa fimbo grafu yetu, duara la rangi, na fimbo ilikuwa imetua kwenye kipande kikubwa kuliko vyote, cha kijivu, kilichoandikwa HAWAFANYI KAZI. Akasema, "Kwa hiyo wanawake wa Kigwa wana muda mwingi wa ziada." Nikachomoa. Ukuta ukabaki mweupe, mimi nimesimama na waya mkononi, maziwa yameloanisha blauzi maana saa ya kunyonyesha ilishapita, na yeye bado anaongea.

Ndani ya kile kijivu alikuwemo mama yangu.

Mwalimu wa takwimu aligawia kila kikundi swali moja la uchumi: tukusanye majibu, tuyachore, na grafu zipelekwe halmashauri. Letu lilikuwa mashine za kubangua karanga zianzie wapi, mjini au vijijini. Wenzangu watatu, ambao hawana hata paka wa kulisha, wakachagua mjini. Mimi nikaachiwa kijiji cha Kigwa, eti ni kwetu. Nikapanda treni na mtoto mgongoni, madodoso nimeyachanganya na nepi.

Swali la nne liliuliza: Je, unafanya kazi? Ndiyo au Hapana. Sasa kwetu mwenye kazi ni mwalimu, nesi, na yule wa stesheni. Mwenye kazi ana mshahara. Mama yangu nilimuuliza akiwa mkekani anabangua karanga kwa vidole, mjukuu keshamhamishia mgongoni mwake ili mimi niandike vizuri. Kidole gumba kilikuwa kimepasuka, amekifunga kitambaa, anaendelea.

"Kazi niipate wapi mimi, mwanangu? Nalima tu."

Nikapiga tiki kwenye Hapana. Ndivyo tulivyoelekezwa, jibu lichukuliwe kama lilivyotolewa. Lakini pembeni nikaandika kwa kalamu: nalima tu. Nyumba ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Mmoja nilimkuta ndiyo anatoka shambani, jembe begani, matope hadi magotini. Alicheka, akasema kumbe nimesoma kote huko halafu nakuja kuulizia kazi kijijini. Naye akajibu hana kazi. Nikaandika pembeni.

Niliporudi niliwaambia wenzangu kwamba yale ya pembeni ndiyo majibu yenyewe. Wakasema sawa. Duara likatoka na kijivu. Nikasema tena. Mwenyekiti akaniambia Mama Mtoto punguza presha, itarekebishwa. Haikurekebishwa. Nikamfuata mwalimu ofisini, nikamwamkia, akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye simu. Nikamweleza yote. Akatabasamu.

"Kompyuta inasoma ndiyo na hapana, mama. Hiyo 'tu' ataisoma nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikalimeza, kwa sababu alama ziko mkononi mwake.

Basi siku ya kuwasilisha ndiyo nikayaona na mapendekezo, yameandikwa chini ya duara bila mimi kuulizwa: mashine zianzie mjini, na wanawake wa Kigwa wafundishwe kufuma vitambaa ili wapate shughuli. Wapate shughuli! Ndipo ikaja ile ya muda wa ziada, na waya ukatoka.

Nyuma kuna aliyesema waniache, mwenye mtoto mchanga halali vizuri. Wakacheka. Mwenyekiti akauomba ule waya taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Mwalimu akasema nikiona nimeonewa niandike barua, utaratibu upo. Naamini alijua sitaandika.

Barua nimeiandika mtoto akinyonya. Kilichonichelewesha si hasira. Ni ile tiki. Mwenyekiti hakufika Kigwa, mwalimu hakufika. Aliyemtazama mama yangu na kidole chake kilichofungwa, kisha akaweka alama kwenye Hapana, ni mimi. Kwa hiyo na tiki hiyo nimeiandika humo. Katibu muhtasi wa ofisi ya taaluma alisema niiache tu mezani. Nikasimama pale mpaka akagonga muhuri kwenye nakala yangu.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU GRAFU YA KIKUNDI CHETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nalalamika kwamba grafu yetu inasema wanawake wa Kigwa hawafanyi kazi. Si kweli. Wanalima. Waliulizwa swali baya, na aliyeweka alama kwenye majibu yao ni mimi, nami nakiri kosa hilo. Maneno yao halisi yako pembeni mwa madodoso, ambayo nimeyaambatanisha yote.

Naomba grafu hiyo isipelekwe halmashauri mpaka majibu hayo yasomwe na mtu, siyo kompyuta. Kama itapelekwa ilivyo, naomba jina langu liondolewe, hata kama nitakosa alama.

Nakala ya barua hii nitaipeleka halmashauri mwenyewe.