Elfu Kumi, na Juu Yake Saba

Chabani wa Cibitoke ana ugonjwa usio na dawa: hesabu. Mpe namba yoyote, ataigeuza, ataigawa, ataitia mistarini. Miaka thelathini anatandika pave, yale matofali ya kufunika ua, na hajawahi kuacha ua wenye mstari pungufu. Hilo ndilo jina lake mjini, na analilinda kwa wivu kweli kweli.

Msikiti wa mtaa ulipotaka kutandika ua wake, kila nyumba ilileta pave kwa mkono wake. Kilichotolewa kwa nyumba ya Mungu hakirudi nyumbani, ndiyo desturi. Siku ya mwisho akaja Mama Esperance, jirani Mkristo, kitenge kizito kichwani, pave saba ndani.

"Mwaka ule upepo ilibeba paa yangu, ni nyinyi mulinifunika," alisema. "Na mi nilete yangu."

Chabani akahesabu zote. Elfu kumi, na juu yake saba. Lo! Akakaa chini.

"Elfu kumi ni mia mara mia, inakaa sawa," alisema Anouar, mkuu wa kamati ya ujenzi. "Zile saba murudishie mama yule. Kesho tunaanza."

Baada ya sala ya adhuhuri Chabani akajinyoosha kivulini, akafumba macho. Joto lilikuwa limelegeza kila kitu, hata nzi. Kichwani mwake pave zikaanza kujipanga zenyewe, polepole, bila sauti, zikitafuta mistari isiyobakiza hata moja. Mistari ya saba saba: zikabaki nne. Ya kumi na moja: zikabaki nane. Ya kumi na tatu: kumi. Akaelea nazo mpaka tisini na saba, zikabaki kumi na sita. Kupita mia hakuna haja ya kutafuta, maana kigawanyo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo, na wadogo wote wameshakataa. Kumbe ni namba tasa! Haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Angekasirika, lakini wapi! Alilala pale akitabasamu. Namba kubwa vile, na hakuna anayeweza kuipanga! Akaipenda, wallahi. Kisha akamkumbuka Mama Esperance akirudi njiani na kitenge chake, watu wakimtazama, na moyo ukamuuma. Ama apoteze jina lake, ama amwaibishe yule mama.

Wiki mbili baadaye ua ulikuwa tayari. Mistari mia imejaa, imenyooka. Na karibu na mlango, mstari wa mia na moja: pave saba, halafu udongo mtupu hadi ukutani.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema Anouar. Vijana wakacheka, ati Chabani amezeeka, macho yamekwisha. Kilimchoma kile kicheko, tusidanganyane.

Mama Esperance akaja, akasimama mlangoni. Akazitambua zake, akaona na ule udongo.

"Muzee Chabani, mustari haijaisha."

"Apana, mama," alisema Chabani. "We ndiye umeianza."