Bibi wa La Rochelle

Mama Célestine alikuwa nyota wa jukwaa kule Lubumbashi. Kila biharusi katika michezo ya miaka ile alikuwa yeye. Alipohamia Johannesburg alisuka watu nywele mpaka alipokusanya kundi lake la maigizo, kisha akaacha kuigiza, akawa meneja.

Jumamosi ile roho ilikuwa mkononi. Onyesho lililopita watazamaji, Wakongo na Watanzania, walipigana, na Papa Marcellin, mwenye ukumbi pale mtaani La Rochelle, alisema fujo nyingine moja tu na ukumbi unageuka ghala. Sasa alikaa mstari wa mbele, amekunja mikono, kama mkwe anayengoja mahari.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Jocelyne, aliyeigiza mke, alipokata roho. Pitchou, mumewe mchezoni, akamwangukia: "Bibi yangu! Bibi yangu ananiacha!"

Upande wa Watanzania kicheko kikalipuka. Nyuma ya pazia Célestine akaelewa kosa. Maneno yale ameyasikia mazoezini kila siku, wala hakushtuka! Kwao Kongo bibi ni mke. Kwa Watanzania ni mama wa baba au wa mama.

"Bibi gani mbichi hivyo?" Kudra, Mtanzania muuza vitambaa, alipaza sauti.

"Eish, munacheka maiti?" Ruphin, fundi cherehani wa Kikongo, akasimama. Kiti kikaanguka. Marcellin naye akainuka, kofia mkononi.

Kikongwe ndiyo nafasi pekee ambayo Célestine aliikataa maisha yake yote. Wenzake walipoanza kumpa hiyo tu, ndipo alipoacha kuigiza. Alikuwa na maringo, mama huyu. Lakini maringo hayalindi ukumbi. Alijifunika kitenge kichwani, akapinda mgongo, akajikokota jukwaani.

"Nani ananiita? Bibi yako ni mie, mjukuu wangu, na ningali hai. Huyu aliyelala ni mke wako."

Pande zote mbili zikacheka pamoja. Kisha akapiga magoti, akamfumba Jocelyne macho, akaanza kumlilia polepole. Kudra mwenyewe alifuta machozi kwa mtandio.

Onyesho lilipokwisha, Marcellin alimfuata. "Ukumbi ni wenu. Ila yule kikongwe asikosekane hata Jumamosi moja."

Célestine akaitikia: "Sawa, Papa."

Kundi lilishangilia. Yeye alifurahi, na ilimuuma, vyote kwa pamoja. Siku hizi akipita mtaani, wanaume wa rika lake wanamwita Bibi. Wakongo nao, na hawamaanishi mke.