Dhambi za Kwenye Robine

Mama direkta wa shule ya msingi ya parokia yetu, hapa Katuba, aliniita ofisini kwake. Msichana mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa anakosa shule kila wiki, na mama yake alikuwa amesema juma likiisha bila jibu, atamtoa. Mwalimu wake alihisi watoto wenzake wanamwonea, lakini mtoto hasemi.

"Papa katekista, siye batoto banatuogopa," mama direkta akaniambia. "Weye banakuita kambo, sawa babu yabo. Uulize bote, mumoja mumoja: nani anabaonea, na banahitaji nini." Akanipa na fomu.

Nilikubali kwa furaha na kwa kiburi kidogo, Mungu anisamehe. Watoto hao niliwafundisha katekisimu mwenyewe, kama nilivyowafundisha mama zao. Nikaweka viti viwili nyuma ya kanisa, nikamwita wa kwanza.

Akapiga magoti. "Kambo, nilipiga mudogo wangu mara ine. Niliiba sukari."

"Inuka, mimi si padri. Nauliza, nani anakuonea wewe?"

Akanitazama kwa huruma. "Kambo, ulitukatazaka kusema zambi za bengine. Tuseme zetu tu."

Ni kweli. Miaka yote nimewakemea watoto wanaoungama makosa ya jirani, na siku hiyo nilivuna. Walikuja mmoja mmoja, wakapiga magoti. Mmoja alimvalisha mbuzi wa masista rozari. Mwingine huigiza ninavyokohoa katikati ya Baba Yetu, akaniigizia papo hapo nisije nikakosea kuandika. Kufika adhuhuri nilikuwa na wakosaji tele, na hakuna hata mmoja aliyekosewa.

Lakini niliendelea kusikiliza, na dhambi moja ikaanza kujirudia kwa wakubwa wa mwaka wa sita: "Nililazimisha badogo kulia sawa chura."

"Wapi?"

"Kwa robine." Ndilo bomba la maji la uwanjani.

Msichana yule wa mwaka wa tatu alikuja wa mwisho.

"Nilidanganya mama. Nilisema tumbo inaniluma."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kiu."

"Kiu?"

"Bakubwa banasimama kwa robine. Banasema ulie sawa chura, ndiyo unywe. Miye nilikatala." Mara akaziba mdomo. "Kambo! Ile ni zambi ya bengine!"

"Hiyo nitaibeba mimi. Sasa unahitaji nini, mama?"

"Ukuje kunywa na miye."

Niliandika hivyo hivyo kwenye fomu. Mama direkta aliisoma mara mbili, akauliza iko wapi ile mikutano na wazazi aliyoitazamia. Nikamwomba avumilie mpaka mapumziko ya kesho.

Kesho yake nilipanga foleni uwanjani, nikiwa na kikombe changu cha bati, mtoto mbele yangu. Tulipofika, mkubwa wa mwaka wa sita akaruka pembeni kama aliyeungua.

"Pita tu, kambo. Yeye pia apite."

"Kanuni yenu je? Miye ni mugeni hapa."

"Hapana, kambo, tafazali."

Nikajaza mashavu hewa, nikalia kama chura. Sauti yangu ni ya besi, imeongoza kwaya miaka mingi, na chura aliyetoka alikuwa mzee na mnene. Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Mkubwa yule alitazama viatu vyake. Msichana alicheka mpaka maji yakamtoka puani. Alikunywa vikombe viwili, na hakulia chura hata mara moja.

Toka siku ile wadogo hulia chura wenyewe, bila kuulizwa, kwa furaha, na mtu akitaka kuwalazimisha anakuta kazi imeshafanyika. Mama direkta amemweka mwalimu mmoja karibu na robine. Nadhani huja kusikiliza tu.

Jumatatu msichana alifika kabla ya kengele. Jumamosi, kwenye katekisimu, alinisogelea akiwa na uso mzito.

"Kambo, niko na zambi. Ninakuitaka jina ya Chura."

"Mara ngapi?"

"Kila siku. Siye bote."

"Na tumbo je?"

"Tumbo gani?" akauliza.

Nikamshukuru Mungu, nikampa Salamu Maria moja. Alipofika mlangoni nilimsikia akiwaambia wenzake: "Chura amenihurumia."