Olwen Kaa

Kijiji cha Porth Gwenlan ni kikubwa, lakini majina ya watu wake ni machache, kwa hiyo tangu zamani mtu alitajwa pamoja na kazi yake au umbo lake. Akina Olwen Parry walikuwa watatu: Olwen Kinanda, aliyepiga kinanda kanisani, Olwen Maziwa, aliyepeleka maziwa nyumba kwa nyumba, na yeye, Olwen Kaa, kwa kuwa aliuza kaa wa baharini mlangoni kwake. Jina hilo alilichukia. Siku moja ujanani, alipoitwa hivyo na Olwen Maziwa mbele ya mchumba wake, alimmwagia mwenzake ndoo nzima ya maji ya kaa.

"Haya, na wewe unanuka sasa. Tugawane jina."

Mwenzake alicheka mpaka akakaa chini barabarani.

Januari hii Olwen Kaa, sasa mzee, alikwenda dukani kuchukua kifurushi. Alipita nyumba ya marehemu Olwen Kinanda na ya marehemu Olwen Maziwa bila kuzitazama. Madirisha yamefungwa, wenye nyumba wapya huja likizo ya Agosti tu, na mtaa mzima uko hivyo. Mwenye duka, mama aliyehamia juzijuzi kutoka mjini, alimuuliza jina.

"Olwen Parry," alisema, kisha akaongeza haraka, "Olwen Kaa. Usije ukanipa cha mwingine."

"Olwen ninayemwona hapa ni mmoja tu, bibi. Kwani mko wangapi?"

Olwen alitia saini ya kupokea. Alikikumbatia kifurushi chake, akafika mlangoni, akageuka.

"Lakini wewe niite Kaa."