Filimbi ya Mtihani

Nilipoambiwa kwamba mtihani wa makocha hauandikwi, nilifurahi kama mjinga. Mitihani ya kuandika hapa ni ya Kifaransa, na Kifaransa changu ni cha sokoni. Mkufunzi alitueleza kwamba siku hizi hawakuulizi unajua nini. Wanakuja uwanjani kuona unaweza kufanya nini. Na kazi hiyo naiweza. Wasichana wangu wanatoka kambi ya waliokimbia vita, hapa Bunia, na miaka mitatu nimewafundisha mpira kwa makofi tu: kofi moja simameni, mawili badilisheni. Filimbi sikuigusa. Kambini walinzi huipuliza wakiona wauaji wanakuja, na kila mtoto anajua la kufanya akiisikia.

Mkaguzi alifika asubuhi na karatasi yake. Kijana mpole, mgeni wa mji. Aliweka alama mstari baada ya mstari, akafika kwenye ule unaotaka kocha aongoze kwa filimbi, akaniangalia. Nilimweleza yote. Alisikiliza vizuri, na nadhani alinionea huruma, lakini mstari mmoja ukibaki mtupu cheti hakitoki, na timu isiyo na kocha mwenye cheti haiandikishwi kwenye michuano. Wasichana walikuwa wameingoja mwaka mzima.

"Mama, hii karatasi si miye niliandika," akasema, akinipa filimbi yake. "Piga mara moja tu."

Niliwakusanya, nikawaonya kwamba nitapuliza, ni mtihani tu, wasiogope. Wakaitikia. Nikajiambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali huja haraka mtu akitafuta ruhusa. Nikapuliza kidogo, kwa aibu.

Watano walilala kifudifudi papo hapo. Wengine waliingia kwenye migomba. Golikipa wangu, wa miaka kumi na mmoja, alikimbia moja kwa moja kuelekea barabarani penye pikipiki, nami nyuma yake napiga makofi, kofi moja, kofi moja. Hakusimama; alivuka salama, akakimbilia kwao.

Niliporudi, mkaguzi alikuwa ameshaweka alama yake. Sikumkataza. Ningemkatazaje?

Cheti ninacho, na timu imeandikishwa. Golikipa haji mazoezini. Nimekwenda kwao mara mbili. Mara ya pili mama yake alinipa kiti nje ya kibanda chao. Mtoto alikuwa nyuma ya turubai, namsikia akipumua. Nilimwomba mama anisemee. Akaniangalia kwa upole, bila hasira hata kidogo.

"Anasema sasa ata weye unapigaka ile kitu."